Picha nayo ina lugha: tuisome kabla ya kuivusha mpaka

MABASI ya usiku yanayoondoka Kampala kuelekea Nairobi, Kigali na Juba hayabebi abiria na magunia pekee. Ukichungulia sehemu ya mizigo, kati ya mikungu ya matoke na marobota ya nguo, hukosi kuona mabomba ya plastiki au karatasi ngumu yaliyofungwa utepe ncha zote mbili. Ndani yake mna picha zilizochorwa kwa mkono: wapiga ngoma, wanawake wenye vikapu, pundamilia, bodaboda za Kampala na wale ndege wakubwa wa jalalani tunaowaita kaloli.

Picha hizo hununuliwa nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, kwenye vibanda vya Barabara ya Buganda na wakati mwingine nyumbani kwa mchoraji mwenyewe. Kisha huvuka Busia, Malaba, Katuna au Elegu na kuuzwa kwa watalii, mahoteli na watu wanaopamba nyumba mpya.

Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaozinunua na kuziuza hatuwezi kueleza picha inasema nini. Mfanyabiashara wa maharagwe anatofautisha Nambale na maharagwe ya njano akiwa mbali. Wa vitenge anaijua waksi halisi kwa kuigusa tu kwa vidole viwili. Lakini mwenye picha huuza kwa kupima urefu na upana, kama anayeuza mkeka. Akiulizwa na mteja, "Hii ina maana gani?" hujibu, "Ni ya Kiafrika."

Makala haya yanajaribu kumsaidia mfanyabiashara huyo. Aidha, yanamhusu ndugu aliyerudi kutoka uhamishoni, ambaye huenda ana picha moja ukutani na hajawahi kuitazama kwa zaidi ya dakika moja.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliorudi. Wazazi wangu walivuka Busia mwaka 1981 nikiwa mgongoni mwa mama. Nikasoma magharibi mwa Kenya katika mfumo wa 8-4-4, ambao katika miaka hiyo ulitufundisha sanaa na ufundi shuleni na kuyatahini. Niliporudi Kampala mwaka 1999 nilikuwa na Kiswahili fasaha, Kiingereza cha shule na Kiganda cha kuombea maji tu. Katika soko la Owino nilipofungua mdomo kwa Kiswahili, watu walinitazama kana kwamba nimevaa sare, kwa kuwa hapa wengi waliijua lugha hii kutoka kwa askari. Kwenye picha, hata hivyo, hakuna aliyeniuliza lafudhi yangu. Nilisimama mbele yake nikaisoma kama mwenyeji yeyote. Ndipo nilipoanza kuona kwamba elimu hii ndogo ya mistari na rangi si mapambo.

Shule iliyoanzia barazani

Historia ya uchoraji wa kisasa katika Afrika Mashariki haiwezi kuelezwa bila kutaja kilima cha Makerere. Mwaka 1937, Bi Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa mke wa Dkt Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago, alianza kuwafundisha wanafunzi wachache kuchora kwenye baraza ya nyumba yake. Mwaka 1938 kazi zao zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikapelekwa London. Darasa hilo la barazani lilikua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo ina jina lake.

Bi Trowell alikuwa na njia yake. Aliwasimulia wanafunzi habari za maisha ya kijijini, akawataka waione picha akilini, kisha waichore. Hakupenda kuwajaza kanuni za Ulaya za rangi na vivuli, kwa kuogopa kwamba wangepoteza jicho lao wenyewe. Alipoondoka mwaka 1958, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, aliyeshika njia nyingine: nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia na mazoezi makali ya kuchora.

Mabishano kati ya njia hizo mbili hayajaisha. Wapo wanaosema kwamba kumfundisha Mwafrika kanuni za uchoraji ni kumvisha koti la mtu mwingine. Wapo wanaosema kumnyima ni kumdharau. Kwa maoni yangu, mabishano yenyewe yanaanza mahali pasipofaa, kwa sababu yanachukulia kwamba vipengele vya sanaa vilikuja kwa meli.

Nenda Nyero, wilayani Kumi. Kwenye kuta za miamba kuna duara ndani ya duara, zilizochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe na watu ambao hawakuacha majina. Nenda mashariki mwa Rwanda, si mbali na mpaka wa Rusumo, uone imigongo: michoro ya pembe kali za nyeusi, nyeupe na nyekundu, iliyofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Mtazame mama anayesuka mkeka akihesabu ukindu mwekundu, mweupe, mwekundu, mweupe. Huyo anajua mdundo wa rangi kuliko mwanafunzi wangu wa kidato cha nne. Anachokosa ni majina ya vitu anavyovifanya tayari, na majina ndiyo ninayotaka tuyapitie.

Mstari na umbo

Kipengele cha kwanza ni mstari. Mstari uliolala hutuliza, kama upeo wa ziwa Nalubaale alfajiri. Uliosimama wima huonyesha nguvu na heshima, kama shina la mvule. Ulioinama huleta mwendo au hatari: mtu anayekimbia huchorwa ameinama, na nyumba inayotaka kuanguka huinama pia. Uliopinda hubembeleza. Kabla hujauliza picha ni ya nini, fuata mistari yake kwa kidole hewani. Utashangaa jinsi inavyokupeleka mahali mchoraji alipotaka jicho lako lifike.

Mistari ikikutana hufanya umbo. Umbo la bapa lina urefu na upana tu; umbile la sanamu lina kina na unaweza kulizunguka. Mfano mzuri wa umbile uko katikati ya Kampala, kwenye Barabara ya Speke. Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962 ilitengenezwa na Gregory Maloba, Mkenya aliyefundishwa na Bi Trowell. Mwili mkubwa uliozongwa vitambaa kama majeruhi unasimama wima, na juu yake mtoto ameinuliwa, mikono imeelekea mbinguni. Chini kumebana, juu kumefunguka. Hata asiyejua kusoma herufi moja anaelewa kwamba kuna kitu kimefungwa na kingine kimeachiliwa.

Makaburi ya Kasubi, ambako wamezikwa Makabaka wanne wa Buganda, yanatufundisha maana ya umbo kwa njia nyingine. Ndani ya paa la jengo kuu kulikuwa na pete 52 za makuti, zikiwakilisha koo 52 za Baganda. Moto wa Machi 2010 uliteketeza jengo hilo, na kazi ya kulijenga upya ikachukua zaidi ya miaka kumi. Waliolijenga walijua kwamba pete hizo si urembo. Kupunguza pete moja kungekuwa kufuta ukoo.

Rangi na mwanga

Rangi za msingi ni tatu: nyekundu, manjano na bluu. Ukichanganya manjano na bluu unapata kijani. Nyekundu na manjano, rangi ya chungwa. Nyekundu na bluu, zambarau. Nyekundu, manjano na chungwa huitwa rangi moto, na katika picha huonekana kukusogelea. Bluu, kijani na zambarau ni rangi baridi, nazo hurudi nyuma. Ndiyo maana milima ya mbali huchorwa ya bluu ingawa ukiikaribia ni ya kijani.

Rangi pia hubeba maana ambazo watu wamekubaliana. Bendera ya Uganda ni picha rahisi kuliko zote: nyeusi kwa ajili ya watu wa Afrika, manjano kwa ajili ya jua lao, nyekundu kwa ajili ya udugu. Rangi hizo hizo katika picha nyingine zinaweza kusema jambo lingine kabisa, kwa hiyo usimwamini anayekuambia kwamba nyekundu siku zote ni damu.

Wakati mwingine rangi hutokana na kile kilichopatikana dukani. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru kusini mwa Tanzania, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za kubandika dari, aghalabu vya sentimita 60 kwa 60. Rangi hiyo hung'aa na haichanganyiki kwa urahisi, ndiyo maana chui wake wanang'aa na madoa yao yana mipaka mikali. Aliuawa kwa risasi ya polisi kimakosa mwaka 1972. Miaka minne tu ya kazi, na mtindo wake unauzwa mpaka leo Kampala, Mombasa na Arusha.

Pamoja na rangi kuna mwanga na kivuli. Mchoraji anaweza kutia kivuli upande mmoja wa uso ili uonekane mviringo, au akakataa kivuli kabisa. Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma na kufundisha Makerere, alikataa katika picha zake nyingi. Migomba, vilima na watu wake wamepakwa rangi safi bila kujali jua liko upande gani. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko katika jumba la sanaa ya kisasa la MoMA huko New York. Ntiro huyo huyo baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London. Anayesema uchoraji ni kazi ya walioshindwa shule amkumbuke.

Mguso na nafasi

Mguso ni jinsi uso wa picha ulivyo, au unavyoonekana: laini, wenye mikwaruzo, wenye matuta. Kampala ina bahati hapa kwa sababu ya lubugo, nguo ya magome ya mti wa mutuba. Gome huchunwa bila kuuua mti, likachemshwa, kisha likapigwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa laini na kupata rangi ya udongo mwekundu. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu wote. Wachoraji wengi wa hapa huchora juu yake, hushona vipande vyake, au huacha sehemu wazi ili gome lenyewe liseme. Kumbuka kwamba kwa Baganda lubugo ni nguo ya heshima na ya kuzikia. Picha ya msiba iliyochorwa juu ya lubugo inasema mara mbili.

Nafasi ni namna mchoraji anavyopanga kilicho karibu na kilicho mbali, na pia mahali palipoachwa patupu. Tingatinga alimweka mnyama mmoja juu ya rangi tupu, bila ardhi wala mbingu, na mnyama akajaa picha nzima. Ntiro alipandisha vilima juu ya vilima, na watu wadogo wengi wakifanya kazi pamoja, ili usimwone shujaa mmoja bali kijiji. Huo si udhaifu wa kushindwa kuchora umbali. Ni msimamo kuhusu nani ana uzito.

Vipengele hivi vyote vikikutana, kunapatikana mpangilio. Hapo tunauliza: je, pande mbili zina urari au upande mmoja umelemea? Kuna mdundo, yaani kitu kinachorudiwa? Na mkazo uko wapi?

Aina za picha na mambo yanayochorwa

Picha za kuchorwa zina aina zake. Kuna picha ya mtu, ambayo jambo kuu ni uso na tabia. Kuna mandhari: milima, maziwa, mitaa. Kuna picha ya vitu tuli, kama kibuyu na ndizi juu ya meza. Kuna picha ya tukio, iwe la historia, la dini au la kila siku. Kisha kuna sanaa dhahania, ambayo haionyeshi kitu unachokijua bali rangi na maumbo yenyewe. Usiikimbie hiyo ya mwisho. Mkeka wa bibi yako ni sanaa dhahania, na hujawahi kulalamika kwamba huuelewi.

Kwa upande wa vifaa, kuna rangi za mafuta na akriliki juu ya turubai, kuna batiki za nta na rangi juu ya kitambaa, kuna michoro ya ukutani, na kuna chapa za mbao, ambazo Fred Mutebi wa hapa Uganda amejulikana nazo. Chapa hukatwa kwenye ubao na kupigwa nakala kadhaa halali. Kwa hiyo ukiona mbili zinazofanana, usidhani umetapeliwa.

Mada nazo ni nyingi. Mwaka 1959 Elimo Njau, mwanafunzi wa Makerere kutoka Marangu, alichora kwenye kuta za kanisa la kumbukumbu huko Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu katika nchi ya Wakikuyu: Yesu mweusi, miongoni mwa watu weusi. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, kwa hiyo waumini hawakuwa wakiangalia hadithi ya mbali. Walikuwa wakijiangalia wenyewe.

Ndugu zetu wa Kongo wamekwenda mbali zaidi, na wamefanya hivyo kwa Kiswahili. Lubumbashi katika miaka ya 1970, picha zilipakwa hata juu ya magunia ya unga na kuuzwa kwa watu wa kawaida waliozitundika sebuleni. Zilikuwa na mada zilizojulikana kwa majina: Mamba Muntu, yaani nguva mwenye kutoa mali na kutaka malipo, Inakale, mtu aliyebanwa juu ya mti kati ya simba, nyoka na mamba, na picha za askari wa kikoloni wakimchapa mfungwa. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora zaidi ya picha 100 za historia ya Zaire katika miaka ya 1973 na 1974, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba kwa mtafiti Johannes Fabian. Mwenye kitabu cha historia alikuwa serikali. Tshibumba alikuwa na brashi.

Waliochora wakiwa ugenini

Sisi tuliorudi tuna jambo letu maalumu katika habari hii. Serikali ya Idi Amin ya 1971 hadi 1979, na vita vilivyofuata mpaka 1986, havikuwatawanya madaktari na walimu peke yao. Wachoraji nao walikimbia, na picha zao zikazaliwa nchi za watu.

Theresa Musoke, aliyehitimu Makerere miaka ya 1960 na kuacha mchoro wa ukutani kuhusu kuzaliwa katika bweni la wasichana la Mary Stuart, aliishi na kufundisha Kenya kwa takriban miaka 20 kabla ya kurudi katika miaka ya 1990. Katika picha zake wanyama na watu huingiliana, mstari wa mmoja ukiwa mgongo wa mwingine, mpaka huwezi kusema nani anaishia wapi. Wapo wanaoona humo mbuga tu. Mimi naona pia maisha ya mtu ambaye mipaka ilimpitia katikati.

Jak Katarikawe wa Kigezi hakusoma chuo cha sanaa. Alisaidiwa na Ntiro, akahamia Nairobi na kuishi huko mpaka alipofariki mwaka 2018. Alichora ndoto, na katika ndoto hizo ng'ombe wanapendana na kuota kama watu. Ng'ombe wa Kigezi, waliochorwa katika jiji lisilo na malisho. Geoffrey Mukasa alisomea India na kurudi Kampala katika miaka ya 1980, wakati ambao wengine walikuwa bado wanatafuta njia ya kuondoka, akachora wanawake na maua kwa rangi zilizojaa furaha mpaka kifo chake mwaka 2009.

Ukiwatazama watatu hawa pamoja, unaona kwamba aliye mbali na kwao hachori mambo ya namna moja. Tukiwa hatuwezi kuzisoma picha zao, tumepoteza ushahidi wa miaka yetu ya ugenini, na ushahidi huo uko zaidi kwenye kuta za watu wengine kuliko za kwetu.

"Hawa ni watoto"

Mwaka juzi mama mmoja anayefanya biashara kati ya Kampala na Nairobi, mzazi katika shule ninayofundisha, alinijia jioni na bomba la plastiki kwapani. Akatandaza turubai juu ya meza ya maabara.

"Mwalimu, mteja wangu wa Nairobi anauliza hii ni picha ya nini. Nimemwambia ni akina mama wanatoka sokoni. Nimekosea?"

"Mama, hebu tuitazame kwanza," nikamwambia.

Tukaanza na rangi. Ilikuwa bluu nzito na kijivu, usiku unaingia. Nani hutoka sokoni na mzigo saa hizo, wote kwa pamoja? Tukafuata mistari. Njia ilianza pembe ya chini na kupanda, na kila mstari ulielekea kwenye dirisha moja dogo la manjano huko juu, mahali pekee penye rangi moto. Tukatazama maumbo. Vichwani hapakuwa na vikapu wala mikungu, bali vitu virefu vya mviringo: mikeka na blanketi zilizokunjwa. Tukatazama uwiano. Vichwa vilikuwa vikubwa kwa miili ile, na miguu mifupi. Wote walitupa mgongo isipokuwa mmoja aliyegeuka kutazama nyuma, na nyuma yake mchoraji aliacha nafasi tupu.

Mama yule alinyamaza. Kisha akasema, "Hawa ni watoto."

Alimpigia simu mchoraji palepale. Ni kijana wa Gulu. Alieleza kwamba hao ni watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini, kwenye mahospitali na mabaraza ya maduka, ili waasi wa LRA wasiwateke usiku. Katika kilele cha jambo hilo, kati ya 2003 na 2005, walikuwa makumi ya maelfu. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

"Sasa nitamwambia nini mteja?" mama akaniuliza. "Nani ataweka huzuni hii sebuleni?"

"Mwambie kilichomo. Aamue mwenyewe."

Mteja yule hakuichukua. Aliichukua mwingine, Mwacholi anayefanya kazi Nairobi, ambaye hakuuliza ni picha ya nini. Bei sikuuliza na mimi.

Kwa anayebeba na kuuza

Nitoe ushauri mfupi wa kikazi. Kwanza, mwulize mchoraji jina lake kamili, mwaka, vifaa alivyotumia na maneno yake mwenyewe kuhusu picha, uyaandike kwenye karatasi inayosafiri na picha hiyo. Usiandike kwa kalamu nyuma ya turubai, kwa kuwa wino hupenya.

Pili, rangi za mafuta hukauka juu kwanza lakini ndani huchukua miezi. Ukizikunja mbichi zitagandana. Akriliki hukauka siku hiyo hiyo. Unapokunja turubai, upande uliopakwa rangi uwe nje, juu ya bomba pana, na karatasi laini ikizunguka. Ukiukunja kwa ndani rangi hubanwa na kupasuka. Lubugo usiiache mvuani wala juani kwa muda mrefu.

Tatu, tofautisha kazi ya asili na nakala. Huko Paa ya Paa, kituo alichokianzisha Elimo Njau jijini Nairobi mwaka 1965, kauli yake kuu ilikuwa kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Sisemi nakala zisiuzwe, kwa sababu watu wanakula kwa hizo. Nasema ziuzwe kama nakala, kwa bei ya nakala. Na unapomwagiza kijana achore pundamilia 30 wa aina moja, mwachie walau turubai moja achore anachokijua yeye.

Katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, sanaa ni somo la hiari, na shule nyingi hazina mwalimu wake. Kiswahili kwa upande wake kimepewa nafasi kubwa zaidi, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi. Nafundisha masomo yote mawili na nafurahia hilo la pili. Lakini mtoto anayemaliza shule akijua ngeli za nomino na asijue kwa nini mlima wa mbali ni wa bluu, amefundishwa lugha moja na kunyimwa nyingine. Wazazi wanaokuja kuchagua masomo mwezi Februari waulize kama shule ina mwalimu wa sanaa. Kama hayupo, jumba la Nommo pale Nakasero, lililoanzishwa mwaka 1964, lipo. Wapelekeni watoto Jumamosi moja, msimame nao mbele ya picha moja tu, na muwaache wao waanze kusema.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili na sanaa katika shule ya sekondari jijini Kampala.